Mwanao analivisha basi la kwenye simu rangi mpya: umnyang'anye au umwache?

Ukimkuta mtoto ameinamia simu au kompyuta saa nne usiku, jambo la kwanza linalokujia kichwani ni kwamba anacheza gemu. Mara nyingi huwa kweli. Lakini siku hizi wapo watoto, hasa kuanzia darasa la sita hadi kidato cha nne, ambao ukiwachungulia vizuri utaona hawachezi. Wanachora. Mbele yao pana picha ya mraba yenye vipande vya basi vilivyotandazwa, ubavu huku, paa kule, na wao wanahangaika mstari wa njano upite sawasawa juu ya tairi bila kukatika.

Ukimuuliza atakwambia anabadilisha "skini", au anatengeneza "modi". Mzazi anabaki ameshika mlango. Anaona saa zinakwenda, bando linaisha, mitihani inakaribia, na mtoto haachi. Ndipo linakuja swali ambalo wazazi huniuliza kila nikiandika kuhusu watoto na simu: nimnyang'anye, au nimwache?

Leo tulijibu swali hilo taratibu, kwa sababu jambo lenyewe lina mazuri yake na lina hatari zake, na zote mbili mzazi anapaswa kuzijua kabla hajaamua.

Kwanza, anafanya nini hasa?

Kila kitu unachokiona ndani ya gemu, iwe basi, nyumba, mti au mtu, kina sehemu mbili. Ya kwanza ni umbo. Hilo ni kama kiunzi cha waya, halina rangi wala alama. Ya pili ni picha inayovikwa juu ya umbo hilo ili lionekane kama bati, mbao, nguo au ngozi ya mtu. Picha hiyo watengenezaji wa magemu huiita teksicha.

Mfano mwepesi ni kava la daftari. Daftari ndilo umbo. Karatasi ya kaki ndiyo teksicha. Ukiitandaza karatasi mezani utaona mikunjo inayoonyesha wapi ni mbele, wapi ni nyuma na wapi ni mgongo wa daftari. Mtoto anayechora teksicha ya basi anachora kwenye karatasi iliyotandazwa namna hiyo, kisha programu inaikunja na kuivisha. Akikosea kidogo tu, jina la basi linaangukia kwenye kona au linakatwa na mlango.

Modi ni mabadiliko yoyote yanayofanywa kwenye gemu na wachezaji wenyewe, siyo kampuni iliyolitengeneza. Wapo wanaoongeza magari, wapo wanaobadilisha barabara, na wapo wanaobadilisha teksicha peke yake. Hao wa teksicha ndio wengi miongoni mwa watoto, kwa sababu kuanza kunahitaji tu programu ya kuchora na uvumilivu.

Kwetu Afrika Mashariki, mlango mkubwa wa kuingilia ni Bus Simulator Indonesia, gemu la kuendesha basi lililotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Maleo ya Indonesia. Gemu hilo linamruhusu mchezaji kuweka michoro yake mwenyewe kwenye basi, na hata kuingiza magari yaliyotengenezwa na wachezaji wengine. Ndiyo maana utawakuta vijana wa Tanzania na Kenya wakiendesha barabara za Indonesia ndani ya mabasi yaliyopakwa rangi za makampuni ya huku kwetu. Mtoto aliyekulia kwenye nchi ambayo daladala na matatu hupambwa kwa maandishi na picha hashangazi akitaka kupamba na la kwake.

Mlango mwingine ni Minecraft, gemu la vitalu lililotoka rasmi mwaka 2011 kutoka kampuni ya Mojang ya Sweden. Microsoft iliinunua kampuni hiyo mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5 za Marekani. Humo uso mmoja wa kitalu una nukta 16 kwa 16 tu, yaani nukta 256 kwa jumla. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuzipaka zote jioni moja na kuona matokeo papo hapo.

Ufundi uliomo

Niliwahi kukaa na mdogo wangu wa kidato cha pili mchana mzima akifanya kazi hii, nikaandika kila alichonieleza. Jambo la kwanza lililonishangaza ni hesabu. Picha zake zote zilikuwa na pande za 256, 512, 1024 au 2048. Nikamuuliza kwa nini asichague 1000 tu, namba rahisi. "Dada, gemu nyingi zinataka namba za kuzidisha mbili mara mbili mara mbili," akanijibu bila kuinua macho. Yaani alikuwa anatumia vipeo vya mbili, somo ambalo darasani hulalamika kwamba halina kazi.

Akanionyesha na jambo la pili. Ukiongeza upande wa picha mara mbili, ukubwa wake hauongezeki mara mbili bali mara nne. Teksicha ya nukta 1024 kwa 1024 isiyobanwa hula takriban megabaiti 4 za kumbukumbu ya kifaa. Ya 2048 kwa 2048 hula takriban 16. Ndiyo sababu simu ya bei nafuu inachemka na kukwama pale mtoto anapojaza picha kubwa kubwa, na ndiyo sababu lazima ajifunze kupima: wapi panahitaji picha kubwa, wapi ndogo inatosha.

Kuna na suala la vioo. Basi lina madirisha, na madirisha yanatakiwa yaone ndani. Faili la PNG linaweza kubeba sehemu zisizo na rangi kabisa, zinazopitisha mwanga. Faili la JPG haliwezi. Mtoto akihifadhi kazi yake vibaya, basi linatoka na madirisha meupe au meusi kama limezibwa kwa ubao. Atarudia. Kisha atagundua kwamba ubavu wa kulia na wa kushoto vinatumia kipande kimoja cha picha, kwa hiyo jina la basi linasomeka vizuri upande mmoja na kinyume upande wa pili. Atarudia tena.

Wanaokwenda mbali zaidi hupiga picha vitu halisi. Ukuta wa matofali ya kuchoma, bati lenye kutu, mkeka, vumbi jekundu la barabarani. Wakishapiga, wanaihariri picha hadi ukingo wa kushoto uoane na wa kulia, na wa juu uoane na wa chini, ili ikirudiwa mara mia isionekane pale ilipoungwa. Mama yeyote aliyewahi kumwambia fundi cherehani aoanishe maua ya kitenge kwenye mshono anajua ugumu wa kazi hiyo.

Programu zinazotumika hazihitaji mtaji. GIMP na Krita za kuchorea, na Blender ya kutengenezea maumbo, zote ni za bure na za halali. Kwa mtoto mwenye kompyuta ya zamani hapo nyumbani, hizo zinatosha kuanzia.

Je, kuna ajira mbele? Kwa wachache, ipo. Counter-Strike, moja ya magemu maarufu duniani, ilianza mwaka 1999 kama modi ya gemu lingine liitwalo Half-Life. Waliianzisha vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, na mwaka uliofuata kampuni ya Valve ikainunua na kuwaajiri wote wawili. Teksicha za Minecraft zilichorwa upya na mchoraji Jasper Boerstra, na kuanzia mwaka 2019 ndizo mamilioni ya watoto wanazoziona kila siku. Lakini tusidanganyane. Wengi watakaopitia njia hii hawatalipwa na kampuni ya magemu. Watakachobaki nacho ni jicho la usanifu, nidhamu ya faili na uzoefu wa programu ambazo zinatumika pia kwenye kuchapa mabango, fulana na matangazo. Hicho si kidogo.

Sasa tugeukie upande wangu, yaani afya.

Macho hulipa kwanza

Kuchora teksicha kunachosha macho kuliko kucheza, kwa sababu mtoto hukodolea nukta moja moja kwa muda mrefu. Kwa kawaida mtu hupepesa macho takriban mara 15 kwa dakika. Akikodolea kioo hupungua sana, pengine hadi nusu. Macho yasipopepesa hukauka, yanachoma, yanakuwa mekundu, na mtoto anaanza kuyafikicha na kulalamika kichwa.

Dawa ya kwanza haiuzwi. Kila baada ya dakika 20, aangalie kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Mti wa jirani unatosha. Kioo cha kompyuta kikae umbali wa mkono ulionyooshwa, na taa ya chumba iwashwe. Kuchora gizani si ujasiri.

Na ile miwani inayouzwa kwamba inazuia mwanga wa buluu? Kabla hujatoa pesa, jua kwamba mwaka 2023 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulikusanya majaribio 17 kuhusu miwani hiyo na haukuona ushahidi kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta. Hiyo pesa mpeleke mtoto akapimwe macho.

La pili ni jua. Kule Guangzhou, China, watafiti waliwapa watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za ziada nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, wakati kwenye shule ambazo hazikuongeza muda huo walikuwa asilimia 39.5. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Sisi jua tunalo bure. Mtoto anayechora saa mbili ndani, naye apate muda wa kutosha nje mchana, si usiku.

Usingizi hauna wa kuuhurumia

Hapa ndipo ninapoona madhara makubwa kuliko kwingine. Kazi ya kuchora haina kengele ya mwisho. Gemu la mpira lina dakika zake, ukifungwa umefungwa. Teksicha haiishi. Kuna mstari mmoja wa kunyoosha, kivuli kimoja cha kuongeza, kisha jaribu kwenye gemu, kisha rudi rekebisha. Mtoto anaamini kabisa kwamba zimebaki dakika tano, na dakika tano hizo zinafika saa saba usiku.

Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa siku. Wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji saa 8 hadi 10. Fanya hesabu ya nyumbani kwako. Kama mwanao anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi shule, basi saa tatu usiku awe ameshalala, ndipo apate saa nane tu. Huo ni mwisho wa chini kabisa kwa kijana, na kwa mtoto wa darasa la sita hautoshi hata kidogo.

Mtoto asiyelala hukosa umakini, hukasirika upesi na husahau alichosoma. Mzazi husema "gemu limemharibu akili". Mara nyingi kilichoharibika ni usingizi, na usingizi unarekebishika kuanzia usiku wa leo.

Shingo na mikono

Wengi huchora kwenye simu, wamelala kifudifudi kitandani au wameinamisha shingo juu ya mapaja. Kidole gumba ndicho kinachofanya kazi yote. Akianza kulalamika maumivu ya gumba, kiganja au bega, apumzike siku kadhaa, usimpake dawa ya kuchua na kumrudisha kazini. Akiendelea kuchora, akae kwenye kiti, miguu iguse chini, simu iinuliwe juu ya vitabu badala ya shingo kuifuata chini. Kila nusu saa asimame. Maumivu yasiyoisha, ganzi au vidole kukosa nguvu ni suala la kumwona daktari.

Rangi anazozikosea

Hili wazazi wengi hawalijui. Wapo watoto wasioweza kutofautisha vizuri nyekundu na kijani. Tatizo hilo huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana, kwa sababu jini linalohusika liko kwenye kromosomu ya X. Mvulana ana X moja tu, aliyoipata kwa mama yake. Msichana anazo mbili, kwa hiyo ile nzima humlinda.

Mtoto wa namna hii anaweza kumaliza shule ya msingi bila mtu kugundua, kwa kuwa amejifunza kwamba majani "huitwa" kijani. Lakini kwenye teksicha anachagua rangi mwenyewe. Ukiona mara kwa mara anapaka majani rangi ya kahawia, au anabishana na wenzake kuhusu rangi ambazo kila mtu anaziona, usimcheke wala kumgombeza. Mpeleke kwenye kliniki ya macho. Kipimo ni kusoma namba zilizofichwa kwenye vidoti vya rangi, na hakiumi. Hali yenyewe haina dawa ya kuiondoa, ila kuijua mapema kunamsaidia shuleni na katika kuchagua kazi. Na asikatishwe tamaa: wachoraji wenye hali hii hutumia namba za rangi badala ya kukisia kwa macho.

Picha zinazowaka na kuzimika

Teksicha nyingine si picha tulivu. Zina mwendo: taa za basi zinazomulika, moto, umeme, mapambo ya disko. Kwa watoto wengi hazina neno. Lakini kati ya kila watu 100 wenye kifafa, takriban 3 wana aina ambayo mwanga unaowaka na kuzimika haraka unaweza kuwaletea degedege. Hali hiyo huonekana zaidi kwa watoto na vijana, na wengine hawajui kama wanayo hadi siku ya kwanza.

Dunia ililijua hili vizuri tarehe 16 Desemba 1997 huko Japani. Kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon kilikuwa na sekunde chache za mwanga mwekundu na wa buluu uliopishana kwa kasi. Watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali jioni hiyo.

Kanuni inayofuatwa na watengenezaji wa tovuti na vipindi ni kwamba kitu kisimulike zaidi ya mara tatu kwa sekunde moja. Mfundishe mwanao kanuni hiyo hiyo, kwa sababu kazi yake itapakuliwa na watoto wengine asiowajua. Na kama nyumbani kwako yupo mwenye kifafa, muulize daktari wake kwanza kuhusu magemu, usisubiri tukio.

Faili linalokuja na mgeni

Mtoto anayetengeneza modi anapakua sana. Anachukua mabasi ya wenzake, michoro ya kuanzia, programu. Hapo ndipo wezi wanapojificha.

Aprili 2018 kampuni ya usalama ya Avast ilitangaza kwamba karibu akaunti 50,000 za Minecraft zilikuwa zimeguswa na programu hasidi iliyofichwa ndani ya skini, yaani faili za picha za kuvisha wahusika. Programu hiyo iliweza kufuta vilivyomo kwenye kompyuta. Juni 2023 ikagundulika nyingine, iliyopewa jina la Fractureiser, ndani ya modi za Minecraft zilizokuwa kwenye tovuti kubwa na zinazoaminika. Hiyo ilikuwa inaiba nywila.

Kwa familia inayotumia simu moja kwa kila kitu, hatari ni kubwa zaidi. Simu hiyo hiyo anayopakulia modi ndiyo yenye pesa za mtandao, picha za familia na ujumbe wa kazini. Kama inawezekana, mpe simu ya zamani isiyo na laini ya pesa. Kama haiwezekani, mwekee sharti moja lisilojadiliwa: teksicha ni picha, kwa hiyo faili la picha halina sababu ya kuomba ruhusa ya kusoma ujumbe, kuona namba za simu au kuzima ulinzi wa kifaa. Kikiomba, kinafutwa.

Hatari nyingine ni watu. Modi hupatikana kwenye makundi ya kubadilishana faili, na humo watu wazima wapo. Wengi ni wema na wana subira ya kufundisha. Lakini mtu anayemtaka mtoto wahamie kwenye mazungumzo ya siri, anayeomba picha yake, au anayetoa zawadi kwa sharti la kutomwambia mama, huyo si mwalimu. Mtoto ajue anaweza kuja kukuambia bila kuchapwa na bila kunyang'anywa simu. Nje ya nyumbani, namba ya simu ya watoto ni 116, Tanzania na Kenya pia.

Umri ulioandikwa hauhusu modi

Wazazi waangalifu husoma alama ya umri kabla ya kumruhusu mtoto gemu. Hongera kwao. Lakini alama hiyo huwekwa kwa gemu kama lilivyotoka kiwandani, si kwa mabadiliko ya wachezaji.

Mwaka 2006 gemu la Oblivion lilitoka Marekani likiwa na alama ya vijana wa miaka 13 na kuendelea. Baada ya wiki chache ikaonekana kwamba kwa kutumia modi, mchezaji anaweza kufungua teksicha iliyokuwa imefungwa ndani ya faili za gemu, ikionyesha wanawake wakiwa vifua wazi. Bodi ya Marekani inayopanga umri wa magemu, ESRB, ililipandisha hadi miaka 17, ikitaja suala hilo pamoja na damu nyingi kuliko ilivyoelezwa mwanzoni. Na hapo tunazungumzia picha moja tu. Leo modi za kuvua wahusika nguo zipo nyingi, na mtoto anayetafuta modi za basi anaweza kuzifikia bila kukusudia.

Kwa hiyo usiulize tu "unacheza gemu gani?" Uliza "umeliongezea nini?" Kisha mwambie akufungulie uone.

Na kuna adabu ya kazi ya watu. Mchoro wa mwenzake si wake hata kama ameubadilisha rangi mbili. Aombe ruhusa, ataje jina la aliyemtangulia, na asiuze nembo ya kampuni ambayo si yake. Akiyajua hayo akiwa na miaka 13 hatasumbuliwa nayo akiwa na miaka 30.

Lini uwe na wasiwasi

Shirika la Afya Duniani limeingiza tatizo la uraibu wa magemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Halipimwi kwa idadi ya saa. Huangaliwa mambo matatu: mtu ameshindwa kujizuia, gemu limetangulia mbele ya mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea hata pale madhara yanapoonekana wazi. Na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu takriban miezi 12 na kuvuruga familia, masomo au mahusiano.

Maana yake, mtoto aliyekesha wiki mbili za likizo akichora basi si mgonjwa. Anahitaji mipaka. Lakini mtoto aliyeacha kula na wenzake, anayetoroka shule, anayeiba pesa ya bando, ambaye marafiki zake wote wamebaki kwenye kioo na ambaye amepoteza hamu ya kila kitu kingine, huyo anahitaji msaada. Anzia kwa mwalimu wake wa ushauri au hospitali yenye huduma ya afya ya akili. Wakati mwingine gemu ni moshi tu, na moto wenyewe ni msongo, uonevu shuleni au ugomvi wa nyumbani anaoukimbia.

Makubaliano ya nyumbani

Kumnyang'anya ghafla huzaa uongo. Atachora kwa jirani. Kumwacha bila mpaka nako ni kumtupa. Kati ya hayo mawili, familia inaweza kukubaliana na kuandika haya, yakabandikwa ukutani:

1. Vifaa vyote vinalala sebuleni saa moja kabla ya kulala, na cha mzazi pia.

2. Siku za shule, kuchora ni baada ya kazi za shule na za nyumbani, kwa muda uliopangwa kwa saa ya ukutani. Dakika kumi kabla ya mwisho anahifadhi kazi yake, ili asikatishwe katikati.

3. Kuchora kufanyike mahali watu wanapopita, si chumbani mlango umefungwa.

4. Kupakua kitu kipya ni kwa ruhusa. Mnafungua pamoja.

5. Kila siku apate muda wa nje, juani, bila kifaa.

6. Mdogo wake wa miaka miwili hadi minne asigeuzwe mtazamaji wa kudumu. Kwa umri huo Shirika la Afya Duniani linashauri kioo kisizidi saa moja kwa siku, na kikipungua ni bora zaidi.

7. Mara moja kwa wiki anakuonyesha alichotengeneza, naye akueleze alivyofanya.

Ukitaka kuanza na moja tu wiki hii, anza na hilo la saba. Kaa naye robo saa. Muulize kwa nini madirisha yalikuwa meupe na amefanyaje yakapitisha mwanga. Muulize nani alimpa faili la kuanzia. Katika robo saa hiyo utajua mengi kuliko ambayo ungeyapata kwa kumpekua simu mwaka mzima: anaongea na nani, analala saa ngapi, na kama macho yanamuuma. Mtoto ambaye mama au baba amewahi kulisifu basi lake ana sababu ya kumkimbilia mzazi huyo siku atakapoona kitu cha kumtisha humo humo ndani.